Shuka Nne za Viateur

Viateur Nzabandora ni mwana wa Athanase, yule aliyenunua kitanda kisichopita mlangoni, akabomoa ukuta badala ya kukirudisha. Athanase naye ni mwana wa Byukusenge, aliyeleta kinga, ndiyo baiskeli, ya kwanza kwenye kilima chetu cha Masisi, akaisukuma mpaka uzee, maana njia yetu haina mahali pa kuiendesha. Nimewajua wote watatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kitu cha kipimo chake.

Mwaka jana Viateur alirudi kutoka Mubi na projekta, mashini ndogo inayotupa picha ukutani. Alitaka sinema nyumbani kwake. Michel mwenye duka alikuwa nayo tayari, na kitambaa chake cha picha kilikuwa na upana wa mlango. Viateur hakuuliza chumba chake kina urefu gani. Aliuliza mlango wa Michel una upana gani.

—Kitambaa yangu itakuwa ukuta muzima, akasema.

Mke wake, Emérita, alikuwa anachambua maharagi.

—Utaitoa wapi?

—Shuka tuko nazo.

—Na sisi tutajifunika nini?

—Mama Yves, muntu hawezi kulala na kuangalia sinema kwa wakati mumoja.

Binti yao Gentille akashona shuka nne nyeupe pamoja. Zilifunika ukuta, dirisha, na hata picha ya ndoa ya wazazi wake.

Haraka yote hiyo ilikuwa na sababu. Kijana wao Yves alitaka kumuoa Brigitte wa Bweremana, na baba wa msichana, Papa Dusabimana, alikuwa anakuja kumwangalia kijana, kisha atoe jibu. Lakini Viateur hakutaka mwanawe aangaliwe kwenye kiti kama watoto wa watu wengine. Aangaliwe ukutani, akipokea dipolome ya shule.

Jioni aliyokuja, mkwe alikaribishwa mbele kabisa, mahali pa heshima. Chumba ni kifupi. Magoti ya mzee yaligusa shuka. Projekta ikawekwa nje uwanjani, mbele ya mlango ulio wazi, juu ya kinu, ili picha ijae ukuta. Sisi majirani tuliinamisha vichwa tusiikate. Watoto waliosimama nje, pale mkwe hakai, ndio waliomwona Yves vizuri. Yves mwenyewe alikaa pembeni na koti lilelile la kwenye picha, hakuna aliyemtazama.

Papa Dusabimana akarudisha kichwa nyuma mpaka kofia ikaanguka.

—Baba Yves, ile shimo nyeusi iko ya nini? Iko ya madini?

—Hapana, mukwe. Njo pua ya Yves.

—Na ile ingine?

—Njo pua vilevile.

Mzee akageukia kushoto, akakuta sikio. Akageukia kulia, akakuta kifungo cha koti, kikubwa kama sinia. Macho yakaanza kumtoka machozi. Wamama wakadhani ni furaha, wakapiga vigelegele.

—Nimetoka Bweremana kuona kijana, munanionesha mashimo! Naenda zangu.

Akasimama. Chakula kilikuwa bado jikoni, na kwetu mkwe akitoka bila kula amekwisha kujibu, na jibu ni hapana. Na nani angemwambia mkwe arudi nyuma, akae na watoto? Hilo lingekuwa tusi lingine.

—Viateur! Emérita akaita mbele ya wote. Mukwe hawezi kurudi nyuma. Picha njo itapunguka!

Viateur akauangalia ukuta wake kwa uchungu. Kisha akatoka, akabeba projekta, akaingia nayo polepole katikati ya miguu yetu. Kila alipokaribia, Yves wa ukutani alipungua. Akaacha dirisha. Akawa mpana kama mlango wa Michel. Viateur alipopiga magoti kando ya kiti cha mkwe, Yves mzima, kutoka kofia mpaka viatu, alienea kwenye kipimo cha sinia.

Papa Dusabimana akakaa tena. Akaangalia sana.

—Sasa namuona. Kijana iko muzuri. Kumbe iko mufupi.

—Mufupi lakini muzima, mukwe, Emérita akajibu.

Mzee akacheka, akaomba maji ya kunawa mikono.

Wageni walipokwisha kushuka kilima, Viateur alimwita Gentille, akamwekea shuka zote mikononi, na makasi juu yake.

—Fumua, uniachie moja tu. Tangu leo wewe njo utapima: uanze na kiti ya mugeni, ukuta itafuata. Na muntu akikuuliza, sema papa alikuwa anajaribu mashini.