Fundi wa Majeneza na Sakafu ya Boti

Kati ya mafundi wote wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, Muiruri peke yake ndiye ambaye hakuwa amewahi kulaumiwa na mteja. Alitengeneza majeneza. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya South Lake, na wafanyakazi wa mashamba ya maua walipita hapo asubuhi na jioni wakiitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani: kwa heshima, bila kusimama. Waliolazimika kusimama walichagua haraka, wakabeba, wakashukuru kwa sauti ya chini. Aliyelazwa ndani hakurudi kusema kitanda ni kigumu.

Wengi wangeliona hilo kuwa baraka. Muiruri naye aliliona hivyo, hadi siku alipomwonea huruma Kiarie.

Kiarie alitengeneza vitanda na makochi ng'ambo ya barabara, na kila alichouza kilirudi. Alianza kutukanwa kabla hajanywa chai. Siku hiyo mama mmoja alikuwa amemletea mguu wa kitanda, mguu peke yake, akauweka juu ya meza na kuondoka bila neno. Muiruri alivuka barabara kwenda kumpa pole.

"Mimi usinionee huruma," Kiarie alimwambia akipangusa gundi vidoleni. "Huyu mama, najua nilikosea wapi. Nilitoboa shimo kubwa. Kesho sitatoboa hivyo. Wewe umekosea wapi?"

"Mimi sijakosea."

"Nani amekuambia?"

Muiruri alifikiri. Alipitia sura za wateja wake wote, wale wa kulipa na wale wa kulazwa, asipate hata mmoja aliyewahi kumwambia chochote.

"Sasa hujui kama wewe ni fundi," Kiarie alisema, tena bila ubaya. "Wewe ni mtu tu ako na msumeno."

Neno hilo lilimwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Tangu hapo Muiruri alitaka kitu kimoja duniani: mteja atakayerudi.

Winrose alikuja wakati ziwa lilikuwa limefura na kuingia kwenye vyumba vya watu bila hodi. Alikuwa na boti ya alumini ya kupeleka wageni kuona viboko, na ubavuni ameiandika kwa rangi nyekundu USIOGOPE. Sakafu yake ya plaiwudi ilikuwa imeoza chini ya zulia, kimya kimya, kama ndoa, mpaka mgeni mmoja aliposimama kumpiga kiboko picha akazama hadi gotini huku angali ndani ya boti. Kiboko, kwa mujibu wa walioshuhudia, hakufanya lolote.

"Si ungeenda kwa Kiarie?" Muiruri aliuliza, maana uaminifu ukishakuwa tabia ni vigumu kuuacha.

"Kitanda ya Kiarie nimelalia," Winrose alijibu. "Wewe nilikujulia kwa mazishi ya shangazi yangu. Kaburi ilikuwa imejaa maji, si unajua vile ziwa imefanya. Tukashusha jeneza, ikaelea."

Muiruri alikaa juu ya kifuniko cha jeneza. "Ikaelea?"

"Pastor akangoja. Tukaimba wimbo yote, beti zote, bado iko juu. Wenzangu wanalia, mimi najiuliza, hii kitu imetengenezwa na nani."

"Na ikazama?"

"Polepole. Wakati ya matangazo."

"Na hakuna mtu alilalamika?"

"Alalamike aje, fundi? Tulitaka izame."

Boti ililetwa kwa mkokoteni wa punda. Watu walioiona ikiingia kwa fundi wa majeneza walifanya hesabu iliyo wazi, na kabla punda hajafunguliwa kina mama walikuwa wamefika na leso mabegani. Mzee mmoja alivua kofia akamkaribia Winrose.

"Pole sana, mathe. Ni wangapi?"

"Ni sakafu tu, mzee."

Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeelewa kwamba majina yatatolewa baada ya familia kujulishwa.

Muiruri aling'oa zulia, kisha plaiwudi, ambayo ilitoka mikononi kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Chini yake alikuta sapatu moja, miwani ya jua, uyoga, na chura aliyekataa kuhama mpaka alipobebwa. Alivipanga vipande vilivyooza juu ya plaiwudi mpya, akachora kwa penseli kuvizunguka. Duka la mbao lilikuwa limemshauri achukue zile zilizotiwa dawa ya mchwa, lakini Winrose alikataa: dawa ile hula alumini, alisema, na angependa boti ioze upande mmoja kwa wakati mmoja. Skrubu nazo zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Muiruri hakuwahi kununua skrubu kama hizo. Katika kazi yake kutu ilikuwa shauri la mtu mwingine.

Mazoea hayaachi mtu. Mara mbili alijikuta akimuuliza Winrose mteja ana urefu gani. Siku ya tatu aligundua amefunga vishikio vya shaba ubavuni mwa boti, vitatu huku na vitatu huku. Winrose aliviangalia, akavivuta, akasema viache, wageni watashika hapo kiboko akiibuka.

Kisha akapaka vanishi. Hapo Muiruri hakuwa na mpinzani kutoka Naivasha hadi Gilgil. Alipaka, akapiga msasa, akapaka tena, mpaka sakafu ikawa na rangi ya chai ya rangi na kung'aa kiasi kwamba Winrose alipokuja kuitazama alirekebisha kilemba chake ndani yake. Alisifu. Halafu akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya ubao.

"Na huku?"

"Huko ni chini."

"Najua ni chini. Mbona ni mbao tupu?"

"Chini nani anaangalia?"

"Maji," Winrose alisema.

Muiruri aliinama, naye akapitisha mkono chini ya ubao. Miaka yote alipaka juu, alipaka pande zote, akaacha chini, kama alivyofundishwa, kwa sababu waombolezaji hawainami. Sasa alielewa kwa nini shangazi wa Winrose alizama wakati wa matangazo. Alikuwa amefanya kosa lile lile kwa nusu ya Karagita, na nusu hiyo ilikuwa imenyamaza kwa adabu.

Alizifungua mbao zote. Akapanda gari hadi Nakuru kwa mafundi wanaoziba bodi za magari, akanunua rezini ya kuzuia maji na dawa yake ya kuigandisha, na kurudi amelikumbatia kopo kifuani kama mtoto. Alipiga msasa juu na chini, vanishi yote ile ya fahari ikawa vumbi. Tabaka la kwanza la rezini mbao zililinywa. La pili zililionja. La tatu lilikaa. Kingo alizipaka zaidi ya kila mahali, kwa sababu plaiwudi hunywea kingoni. Hata mashimo ya skrubu aliyatoboa makubwa, akayajaza rezini, ikaganda, akatoboa tena katikati mashimo madogo, skrubu isiguse mbao kabisa. Kiarie alivuka barabara kuangalia.

"Unatoboa shimo, unaziba, unatoboa tena," alisema. "Uko sawa?"

"Sijui," Muiruri alijibu. "Ndio maana nafanya."

Sakafu ilikuwa imefungwa tena na boti inakauka juani wakati Ndung'u aliposhuka kwenye pikapu. Alitoka Subukia, mwana wa kwanza wa mzee aliyeacha kahawa, ng'ombe wa maziwa, na mwili ambao hakuna duka la Nakuru lililokuwa na kipimo chake. Alipita majeneza yaliyosimama ukutani bila kuyatazama. Akaizunguka boti, akaigonga, akashika kishikio kimojawapo.

"Hii ndio tumekuwa tukitafuta," alisema.

"Hiyo ni boti, boss."

"Naona. Inabeba watu wangapi?"

"Nane na dereva."

"Mzee alikuwa mtu wa watu." Ndung'u alisoma ubavuni, USIOGOPE, akasoma tena. "Na maandishi tayari iko. Hata yeye angependa."

"Iko na mwenyewe. Ni ya kubeba watu wako hai."

"Sisi hatuna haraka ya bei, fundi. Taja tu."

"Si bei."

"Sasa ni nini?"

Muiruri alitafuta namna ya kusema, akaikosa, akasema ilivyokuwa. "Nataka irudi."

Ndung'u aliachia kishikio. Fundi wa majeneza anayetaka kazi yake irudi si mtu wa kubishana naye ukiwa na msiba. Aliagiza jeneza la kawaida, pana kuliko yote, na kurudi garini. Muiruri alilipaka rezini juu, pande zote, na chini, tabaka tatu. Mwombolezaji hatainama kuliona, alijua. Alilipaka hivyo hivyo.

Boti ilikwenda ziwani. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu haikurudi.

Kila Winrose alipopita barabarani Muiruri aliweka randa chini. Winrose alimsalimia, akawaulizia watoto, akapita. Muiruri alianza kusimama mlangoni. Alianza kumuuliza kwa mbali, "Na huko kwa maji?" na Winrose kujibu, "Tuko tu." Hakuna fundi aliyewahi kujifunza lolote kutokana na "tuko tu." Kiarie, aliyekuwa akirudishiwa kochi wakati huo, alimpa maoni yake: boti isiporudi, ama ni nzuri ama imezama, na kwa vyovyote vile imemnyamazia. Muiruri alikonda. Watu wakadhani biashara ni mbaya, wakafurahi kwa niaba ya kijiji.

Asubuhi moja Winrose hakupita. Aliingia, mikono kiunoni.

"Fundi, hii sakafu yako inalia."

Muiruri aliweka msumeno chini taratibu. "Sema tena?"

"Inalia. Ukikanyaga karibu na injini, inatoa sauti kama kifaranga imefinyiliwa."

"Ngoja," Muiruri alisema. Akatoka mlangoni, akaita ng'ambo. "Kiarie. Kuja usikie."

Winrose alirudia mbele ya Kiarie, kwa hasira ya mtu anayerudishwa mwanzo. Kiarie alisikiliza mpaka mwisho, akampa Muiruri mkono. "Hongera," akasema.

"Hongera ya nini?" Winrose aliuliza. "Niko na watu wa kuangalia ndege kutoka Nairobi. Wamesikia hiyo sauti, wanasema ni ndege hajawahi kuonekana hapa Naivasha. Jana wameniambia nizime injini katikati ya viboko ndio wasikie vizuri. Leo wamekuja tena. Nimewaambia hakuna ndege, wanasema wenyeji ndio huwa hawajui. Na hawataki kushuka. Kuja uitoe hiyo sauti kabla tuliwe."

Muiruri alichukua bisibisi na randa ndogo. Hakujua kuogelea, na hakuwahi kukanyaga boti iliyo majini. Ukingoni mwa ziwa watazamaji walikuwa wameketi ndani ya boti, safu mbili, na darubini shingoni, wakiyakodolea mafunjo. Alipanda akiwa ameshika kishikio chake mwenyewe. Boti ikatikisika, yeye akatikisika, sakafu ikakaa. Chini ya mguu wake ilikuwa imara na kavu. Alitembea kuelekea injini akikanyaga kila ubao kwa zamu, kichwa kimeinama upande.

Ubao wa mwisho ulilia: kriii.

Darubini zote zikainuka.

"Iko wapi?" mama mmoja wa kofia pana alinong'ona. "Tafadhali usisonge. Imetokea wapi?"

Winrose, nyuma ya mama huyo, akiikumbuka nauli, alimfanyia Muiruri ishara ya kunyamaza. Muiruri hakuiona. Alikuwa amechuchumaa, kidole kwenye ufa mwembamba ambapo mbao ilikutana na ubavu wa boti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea barua aliyoingoja hadi akaacha kuingoja.

"Iko hapa, mathe," alisema. "Nilikata sawa sawa, halafu nikapaka rezini tabaka tatu kwa kingo. Ikanenepa. Nikasahau kupunguza. Sasa mbao inasugua alumini." Akamtazama mama machoni ili asikose kumwelewa. "Ni makosa yangu. Mimi ndio fundi."

Mtu mmoja nyuma alishusha darubini, akafuta mstari kwenye orodha yake ya ndege. Muiruri alipiga magoti, akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza, na kuwaomba waheshimiwa wainue miguu kidogo.