Tela Kati ya Masale

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, Kwa Mrombo, Mama Meneja alinikabidhi ufunguo wa gari pamoja na mabegi matatu ya shule. "Watoto kwanza, tela baadaye," alisema. Biashara yake ilikuwa kukodisha mahema na viti, lakini gari lilikuwa la nyumbani: refu, la siti saba, makombo ya biskuti kila upenyo. Nyuma lilikuwa na kichwa cha chuma, cha mviringo kama chungwa, ambapo mdomo wa tela hukaa. Nikishawashusha watoto shuleni Themi, nalaza siti, nafunga tela, gari la familia linakuwa punda wa kazi.

Fundi Mkuu wa mahema ndiye aliyenifundisha kurudi nyuma. Ukiwa na tela, usukani unakudanganya: ukikata kulia, tela linakwenda kushoto. "Shika usukani kwa chini," alisema. "Mkono uupeleke unakotaka tela liende. Na usijifanye hodari. Tela litakuumbua mbele ya wakwe."

Alinifundisha pia kupanga mzigo. Uzito ukae mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Ukizidi nyuma, linayumba, na gari zima linayumba nalo.

Nimevuta tela hilo pande zote za Mlima Meru. Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya msiba, juu ya Tengeru. Aliyefariki alikuwa bibi mwenye wana wawili, Elieza na Zakayo. Njia ya kwenda kwake ilipita katikati ya mashamba yao, kila upande umepandwa masale, mimea ya mpaka ambayo Mmeru haing'oi ovyo. Kwa ajili ya mpaka huo, ndugu hao walikuwa wameacha kusemezana.

Niliingiza tela kinyumenyume. Likapita. Lakini gari ni pana kuliko tela; likaanza kugusa majani pande zote mbili.

"Dereva," alisema Elieza, yule mkubwa, "ukivunja sale langu utanieleza."

"Dereva," alisema Zakayo kutoka ng'ambo, "mwambie huyo na langu lisiguswe."

"Shikamooni, wazee. Kwa hiyo mama yenu alale gizani?"

Jenereta la taa lilikuwa limefungwa kwa bolti kwenye tela lenyewe. Waombolezaji walishaanza kupanda kilima, na mvua nayo ilikuwa inashuka mlimani. Nikazima gari, nikafungua tela.

"Mimi nashika pua ya tela. Nyie kila mtu akae upande wake, alinde masale yake, na avute."

Tukaenda hatua kwa hatua. Katikati ya njia, Zakayo akavuta mno, tela likaegemea masale yake.

"Dereva, mwambie alegeze!" alisema Elieza.

"Sina pumzi, mzee. Mwambie mwenyewe."

Matone ya kwanza yakagonga migomba.

"Zakayo. Legeza."

"Nikilegeza litakuja kwako, kaka."

"Lije. Nimelishika."

Siku ya pili baada ya maziko nilirudi kulichukua. Nililikuta limeshatolewa hadi barabarani, viti vimefungwa kamba, pua imeelekezwa mjini. Nilitembea njia yote kuangalia. Masale yalikuwa yamesimama.

Nilistaafu mwaka jana. Sasa mtoto wa mwisho wa Mama Meneja ndiye anayeendesha gari, na Jumamosi huja nimfundishe kurudi nyuma. Namwambia pakibana azime gari, ashuke, aite watu.

"Na kama watu wenyewe hawaongei, Anko?"

"Hao ndio uwaweke pande mbili."