Sigara za Evaristo Zilizogoma Kupumua

Ka, ka, ka: visu mia mbili vikigonga mbao kwa pamoja. Ndivyo sisi wasokota sigara nene wa kiwanda cha Santiago, Kuba, tunavyompongeza msomaji wetu. Bi Hortensia hutusomea kutoka jukwaani mikono yetu ikiwa kazini, na kitabu tunakichagua kwa kura. Mwaka ule tulichagua riwaya waliyosomewa hata babu zetu, wakafa bila kutuambia mwisho wake: jaji, mkewe, na hawara wa mkewe.

Evaristo, jirani yangu wa meza, alikuwa amesokota miaka thelathini, na sigara zake zilivutika kama pumzi ya mtoto aliyelala. Siku jaji wa riwaya alipookota barua ya hawara chini ya mto wa kulalia wa mkewe, vidole vya Evaristo vikakaza. Sigara zikatoka ngumu kama mpini. Unavuta mpaka mashavu yakutane, moshi hakuna. Mkaguzi akamrudishia fungu la kwanza, kisha la pili. La tatu likirudi, akamwonya, meza hii utaiacha ukafagie vumbi la tumbaku.

"Huyo jaji anakuponza," nikamwambia. "Tuombe kura, kitabu kibadilishwe."

"Thubutu. Nife bila kujua mwisho?"

Kilichomkaba ni kwamba mkewe Zenaida, anayetoa uti wa majani ya tumbaku ukumbi wa chini wa kiwanda, alichelewa kurudi nyumbani kila Alhamisi. Akiulizwa, alijibu kwamba mwanamke anayesimamia sufuria ya maharage kila jioni hana nafasi hata ya kujikuna, sembuse ya hawara.

Alhamisi iliyofuata tukamfuata, Evaristo mbele, mimi nyuma nikiomba nisijulikane. Tukamkuta barazani kwa Bi Hortensia, miguu ndani ya beseni, akisomewa sura ambazo sisi hatujafika.

"Mnapewa nusu saa kwa siku, kama dawa ya kikohozi," Zenaida akasema. "Mimi nilishindwa kungoja."

Evaristo akasogea hadi kwenye beseni. "Kwa hiyo Jumanne, ulipoililia ile barua mezani kwangu saa ya chakula, ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki iliyotangulia, mume wangu."

Kesho yake mkaguzi alijaribu sigara moja ya fungu la tatu. Moshi ukapanda wenyewe. Evaristo hakutabasamu. Saa ya chakula Zenaida akaja na bakuli, akakaa karibu naye. Evaristo alinuna mpaka maharage yakapoa. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akainamia sikio la mkewe.

"Niambie mimi peke yangu," akanong'ona. "Jaji anaachwa, au haachwi?"