Mafungu Mawili ya Lengalenga

Pale chuoni Kasapa, tulipokuwa wanafunzi, neno la Kiingereza "toxic" lilikuwa midomoni mwetu kutwa nzima. Mchumba aliyechelewa kujibu ujumbe alikuwa toxic. Mwalimu mkali, toxic. Nyumbani nikambandika hata shangazi, kwa sababu tu aliniuliza nitaolewa lini. Tulilitumia mpaka likaisha makali.

Halafu watu wawili wa mgodi wakaja kupima maji ya mfereji unaopita kando ya bustani ya mama, anakolima mboga za kula na za kuuza. Juzi wakarudi na karatasi ya Kiingereza, wakamwambia mama ni mambo ya kawaida. Niliisoma nimesimama kati ya matuta. Neno langu lilikuwemo, mara tatu, na halikuwa mzaha. Sumu kwenye maji, kwenye udongo, kwenye majani tunayokula.

Nilipomweleza mama, alicheka.

"Toksiki? Si weye ulisema ata tantine iko toksiki? Iko muzima, anakula kunipita!"

"Mama, hii ni sumu ya kweli."

"Na bale bageni? Nilibapatia lengalenga, balikamata na mikono mbili, balisema merci. Muntu anaweza kamata sumu?"

Hapo hasira ilinipanda. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Juzi mama alikuwa amemfungia kila mmoja fungu kubwa la mboga hiyo, kwa utepe wa kitenge chake cha zamani. Nao, walioandika ile karatasi wenyewe, walipokea wakitabasamu. Kwa nini hawakukataa? Adabu gani hiyo, ya kumwacha mtu aendelee kula?

Nikatoka, nikafuata njia waliyopita na gari lao. Sikufika mbali. Kwenye kona ya kwanza mafungu yote mawili yalikuwa mtaroni, yamenyauka, utepe haujafunguliwa.

Niliyaweka mezani mbele ya mama. Akaligusa fundo kwa kidole.

"Hii ni yangu. Uliokota wapi?"

"Pale ku kona. Ndani ya mtaro."

Hakucheka tena. Sufuria ya mboga za mchana ilikuwa imeanza kuchemka. Akaishusha, akaenda kumwaga yote nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa bado ameishika, tupu, inafuka moshi.

"Na bale balinunua jana?" akaniuliza.