Bwana Kwamba na Pazia Lake

Wanafunzi walimbatiza Bwana Kwamba, na jina lilimkaa vizuri kuliko koti lake la kazini. Alifundisha Kiingereza darasa la sita, na katika Kiingereza chote hakuna alichokipenda kama ile habari ya kuchukua maneno ya mtu na kuyafikisha kwa mwingine.

"Maneno ya mtu hayabebwi mabichi!" alinguruma, rula ikigonga ubao. "Tia kwamba! Mimi iwe yeye. Hapa iwe pale. Leo iwe siku ile!"

Watoto wakaitikia, kwamba, kwamba, kama vyura baada ya mvua.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na hayo aliyasikia siku alipopeleka sketi za sare shuleni. Yeye hakukaa darasani hata siku moja. Alisimama nje ya dirisha, furushi kichwani, akacheka kicheko kisicho na utamu. Kumbe dawa niliyonyweshwa inapikwa hapa, akajisemea. Maana nyumbani kwake alikwisha kuwa "yeye" zamani.

Ilianza na chai. Mwalimu alikuwa amekaribisha walimu wenzake, akawa anawatilia chumvi jinsi mwalimu mkuu alivyomsifu mbele ya mkaguzi. Mkewe akaingia na sinia, akasema bila hila yoyote, "Mbona mimi uliniambia, 'Leo mzee kanifokea mpaka shati limelowa'?" Wageni wakaangua kicheko, mmoja chai ikamtokea puani. Tangu hapo mwalimu hakumwambia mkewe kitu tena.

Nyumba ilikuwa na chumba na sebule, pazia katikati. Sebuleni alitawala mwalimu na madaftari yake. Chumbani ilitawala cherehani, ileile iliyomsomesha mwalimu chuo cha ualimu, mkewe akikanyaga pedali mpaka miguu ikavimba. Kati ya falme hizo mbili alikwenda na kurudi binti yao, mwanafunzi wa baba yake.

"Mwambie mama yako," mwalimu alisema sebuleni, kwa sauti ya kusikika hata kwa majirani, "hii si chai, ni maji ya kuoshea miguu."

Binti akafunua pazia. "Mama, baba amesema kwamba chai ilikuwa nyepesi kidogo."

"Mwambie baba yako miguu yenyewe ninayo mimi, yeye ana mdomo tu."

Binti akarudi. "Baba, mama amesema kwamba ataongeza majani."

Mtoto hakuwa mwongo. Alikuwa amechoka kufokewa kwa maneno ya wengine, basi akawa anayachemsha njiani. Mama aliyasikia mabichi na aliyasikia yaliyochemshwa, pazia lilikuwa kitambaa tu, lakini alinyamaza. Ilimchekesha. Na alimwonea huruma mwanawe.

Asubuhi moja akaingia wifi yake na magunia matupu mkononi, uso umevaa msiba.

"Pole, wifi yangu. Nimekuja kukusaidia kufunga mizigo."

"Mizigo ya nani?"

"Si yako? Kaka ametuambia. Amesema ulisema kwamba umechoka na nyumba hii, unataka kurudi kwenu. Kaka mkubwa anakuja jioni tuagane vizuri."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. Habari za yule mwalimu wa kike wa shule ya jirani, anayecheka kwa Kiingereza, alikuwa nazo. Kwamba sebule ingehitaji mwenyewe mpya, hilo pia alilinusa. Lakini kufukuzwa kwa mdomo wake mwenyewe, mdomo usioulizwa hata habari za asubuhi! Huo ulikuwa ufundi wa msomi. Akafikiri: nikitoka hapa, nitatoka mimi na cherehani, na mtaa mzima utasema niliomba.

Jioni kaka mkubwa akafika, mwashi, saruji bado kwenye kucha. Hakupenda kuzungushwa.

"Haya, mwalimu. Shemeji alisemaje?"

"Alisema kwamba amechoka na..."

"Sikuulizi kwamba. Alikwambia wewe?"

Mwalimu akarekebisha kola. "Sisi huwasiliana kupitia kwa mtoto. Mwulizeni. Ndiye mwanafunzi wangu bora." Akamtazama binti yake kwa tabasamu la siku ya zawadi.

Binti akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Baba alisema, 'Mwambie mama yako, akichoka mlango uko wazi.'" Akaitoa kwa sauti ya baba yake, na kile kikohozi chake mwishoni, mpaka wifi akaziba mdomo kwa khanga. "Mama akasema, 'Mwambie nina sare za watoto wa watu, sina nafasi ya kuchoka.' Mimi nikampelekea baba kwamba mama ana kazi nyingi, amechoka kidogo. Kuchoka nilikuongeza mimi." Akaanza kulia. "Nilidhani atamhurumia."

"Na la kurudi kwao?" akauliza mwashi.

"Hilo sikulibeba mimi, baba mkubwa. Hilo mimi silijui."

Fundi alikuwa amesubiri muda mrefu mno kusikia sauti yake mwenyewe ikifika mahali nzima nzima, akataka aionje.

"Basi ni rahisi," mwashi akasema. "Mkeo huyu hapa, umbali wa mkono. Unataka atoke? Mwambie kwa mdomo wako. Ukishasema, magunia nabeba mimi."

Mwalimu akafumbua mdomo. Jasho likamtoka, shati likalowa kama siku ile ya mwalimu mkuu. Akamgeukia binti. "Mwambie mama..."

Binti akaenda kukaa kando ya cherehani.

Akamgeukia dada yake. "Mwambie..."

"Mimi sijatumwa," wifi akasema, akiyakunja magunia yake. "Nilikuja kufunga mizigo, na mizigo naona haipo."

Mwashi akainuka, akajipangusa suruali. "Mwanamume asiyeweza kumwambia mkewe toka, akae naye. Tumemaliza."

Wakaondoka. Na huyo mwanamke wa kucheka kwa Kiingereza, inasemekana alingoja ujumbe mpaka akachoka. Yeye alichoka kweli, hakuongezewa na mtu.

Kesho yake asubuhi pazia likatikisika. Likatulia. Likatikisika tena. Mwalimu akasimama mlangoni, shati mkononi, hana mjumbe.

"Kifungo kimetoka," akaliambia dirisha.

Fundi akaendelea kukanyaga pedali. "Nani anasema?"

"Mimi."

"Anamwambia nani?"

Mwalimu akaliacha dirisha, akamgeukia. "Nakuambia wewe. Naomba unishonee kifungo."

Fundi akainua macho, akamtazama kama anavyotazamwa mteja mpya ambaye hajapimwa.

"Weka pale, chini ya zile sketi," akasema. "Kuna foleni."