Bingwa wa Barabara ya Zimamoto

Kama majigambo yangekuwa kazi ya kulipwa, Ndirangu asingekuwa anarekebisha kompyuta za watu pale The Pearl, mtaa wa matajiri huku Uarabuni. Angekuwa anakaa huko, na sisi tungekuwa tunamrekebishia yeye. Lakini wapi! Mzaliwa huyo wa Nyahururu alikuwa anakaa Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na mwenzake Rodney, na mwaka jana alipatwa na homa ya baiskeli.

Baiskeli yenyewe, sikiliza, haikuwa na magurudumu. Ni ile ya kukanyagia mahali pamoja, imekazwa kwenye sakafu ya jim chini ya jengo analofanyia kazi, na mbele yake kuna televisheni pana kama mlango. Ukikanyaga, msitu wa Marekani unakujia: miti ya gome jekundu, mirefu hata kilele hukioni, na katikati yake barabara ya vumbi iliyochongwa ili magari ya zimamoto yapite msitu ukishika moto. Kilima kikija, pedali zinakuwa nzito. Mteremko ukija, feni inakupuliza usoni. Na Ndirangu, haki ya Mungu, kwenye kona alikuwa anainama.

Angeishia hapo, nani angemsumbua? Lakini kila Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya kanisa, baada ya ibada, chai ikigawanywa, alisimama na kofia yake ya baiskeli mkononi. Ndiyo, kofia alikuwa anakuja nayo kanisani.

“Barabara za zimamoto si mchezo,” alisema. “Kwa mteremko unaegemea nyuma, breki unaigusa tu. Ukiibana, umekwenda.”

“Kwani huo moto huwa unawaka wapi?” Mama Roselyne aliuliza.

Ndirangu alimtazama kwa huruma. Hakusema amewahi kufika huo msitu. Wala hakusema hajafika. Aliwaacha watu wajaze wenyewe, na watu wa kanisa kwa kujaza hawajambo.

Aliyemwamini kuliko wote ni Jebet, muuguzi, mchumba wake. Jebet ni wa Kapsowar, kule milimani, na amekua akiteremka na baiskeli kwenye barabara za murram, mtungi wa maziwa umefungwa nyuma. Alifurahi kupata mwanamume anayejua mteremko ni nini. Na Ndirangu alimpenda Jebet. Hilo hata mimi siwezi kulicheka.

Wazee wa Ndirangu walikuwa wameshakodi gari la kwenda Kapsowar kumposa Jebet. Mama yake Jebet alikuwa ameshagandisha mursik kwenye kibuyu, maziwa ya kupokea wageni wa heshima, na sasa alingoja neno moja la bintiye: waje, au wasije.

“Nitakupigia Jumamosi,” Jebet alimwambia mama. Kisha akaazima baiskeli mbili kwa binamu yake Mutai, dereva, akamwambia Ndirangu, “Twende bustani ya Al Thumama tuendeshe pamoja. Nataka nikuone.”

Na ujinga wenyewe ndio huu: Ndirangu hakuogopa! Tangu azaliwe hajawahi kupanda baiskeli yenye magurudumu, lakini mwaka mzima wa kukanyaga ulishamwaminisha kwamba anajua. Si miguu ni ile ile? Tena akamwita Rodney aje na simu, amrekodi, Ijumaa watu wa kanisa waone.

Jumamosi asubuhi alishuka garini na kofia, glavu, na kaptura iliyombana hadi watu wakawa wanaangalia pembeni. Akapanda. Akakanyaga. Baiskeli ikaenda kushoto, yeye akaenda chini. Ile ya jim huwa haianguki, kwa hiyo hili lilikuwa jambo geni kwake kabisa.

“Woi, pole!” Jebet alimkimbilia. “Ndirangu, kwani hujui?”

“Usukani umepinda.”

“Umepinda?” Mutai alishangaa. “Nimeiendesha sasa hivi.”

Akapanda tena, akaishia kwenye maua ya manispaa.

“Ni huu upepo,” alisema, akitoa majani mdomoni. Bendera pale karibu ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake.

Jebet akamwinua, akampangusa, akashika kiti cha baiskeli kwa nyuma. Akapunguza sauti. “Niangalie. Mimi si wa kupigiwa hadithi za chai. Sema tu hujui. Nitakushika hapa nikufundishe, nitakucheka kidogo, na yataisha. Lakini usinidanganye nikiwa nimesimama hapa naona.”

Neno likamfika Ndirangu kwenye ulimi. Sijui. Ni neno dogo hilo, hata mtoto analiweza. Lakini Mutai alikuwa anaangalia, na Rodney alikuwa ameinua simu. Akavimba kifua.

“Shida ni hii lami,” alisema. “Sisi wa milimani hatujazoea mahali tambarare.”

Sisi wa milimani! Alimwambia binti wa Kapsowar!

Jebet akaachia kiti. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyomtisha Ndirangu. Akatoa simu, akampigia mama. Akaanza kwa Kimarakwet, kisha, ili mtu fulani asije akasema hakuelewa, akamalizia kwa Kiswahili.

“Hapana, mama. Wasije. Hiyo mursik mnywe tu nyinyi.”

Akapanda baiskeli yake, akaenda.

“Jebet!” Ndirangu aliita. “Sijui! Jebet, sijui kuendesha!”

Aliisema kwa sauti hata watu wa mbali wakageuka, na Rodney akainasa yote. Jebet alikuwa ameshafika kwenye kona. Akaikata bila hata kuinama.