Vichwa Vitatu Vipya

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, nilipomkana mtu kwa sababu ya treni. Usicheke. Bujumbura yetu haina reli hata ya kuanikia nguo, na mimi katika ujana wangu sikupenda kitu chochote kama nilivyopenda treni. Mapenzi hayana macho.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa magari mtaani Buyenzi, nikifanya kazi kwa Mzee Ramadhani. Alinituma Kigoma kwa meli kuleta pampu ya dizeli. Pampu niliipata siku ya kwanza. Siku ya pili nilishinda kwenye uzio wa stesheni. Mle uwanjani vilisimama vichwa vitatu vya treni, vya dizeli, vimetoka kiwandani ng'ambo juzi tu, karatasi bado zimebandikwa kwenye vioo. Niliandika daftarini: "Vichwa vitatu vipya. Viwili vina namba, kimoja bado. Nitarudi kuona vingine."

Wiki iliyofuata mimi na mzee tulikwenda Musaga kutengeneza lori. Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari mmoja akapekua sanduku letu la spana, akakuta daftari, akasoma kwa sauti. Kwa sisi tupendao treni, kichwa ni injini tu. Lakini miaka ile ya mauaji nani angefikiria treni?

"Hii daftari ni ya nani? Ulihesabu vichwa ya nani?"

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza cha mwenzangu. Nilijibu, "Apana yangu, shefu. Sanduku ni ya muzee."

Mzee Ramadhani hakujua kusoma hata jina lake. Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Kama mutoto anasema ni yangu, basi ni yangu." Wakamkalisha chini, mikono kichwani, wakaita gari la kumchukua. Siku zile mtu akipakiwa garini, nyumbani kwake walianza kulia.

Aibu ikazidi woga. Nikasema, "Daftari ni yangu. Ni vichwa ya treni."

"Treni? Reli iko wapi hapa Buja? Unatucheka?"

"Pindua ukurasa, shefu."

Akapindua. Nilikuwa nimekichora kimoja, magurudumu yote kumi na mawili, na karatasi kwenye kioo. Alikiangalia kwa muda mrefu. Akamwambia mzee asimame, kisha akaninyooshea daftari. "Pasua hiyo karatasi, muende."

"Apana. Mi sipasui. Sikuandika kitu mubaya. Kama ni kupasua, upasue we."

Najua ulikuwa ujinga. Lakini nilikuwa nimeshalikana daftari langu mara moja, na mara moja ilinitosha. Akaipasua ile karatasi mwenyewe, akaitupa mtaroni, akatufukuza.

Tukaenda na mzee hadi kwenye lori. Nilitaka kumwomba radhi, akanikatiza. "Ulipenda kichwa ya treni, ukasahau kichwa yangu." Akafungua boneti, akafanya kazi. Baadaye sana, mikono imejaa grisi, akaongeza, "Kesho ununue daftari ingine. Andika jina yako mbele, kubwa, hata mi mwenye sijui kusoma niione."

Nilinunua. Vile vichwa vitatu niliviandika upya vyote, kwa kichwa, na jina langu juu. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Mwanangu, watakuja wenye bunduki, na wengine wenye vicheko tu, wakuulize unachokipenda ni cha nani. Njia ya mwongo ni fupi, na mwishoni mwake utamkuta mtu mwingine amekaa mavumbini kwa ajili yako. Sema ni changu, na useme mapema. Wakipasua, andika tena. Wakiuliza reli iko wapi, waonyeshe mchoro.

Mungu akulinde katika kila barieri. Akupe mzee wa kukufunika siku utakapoogopa, na akupe ulimi wa kusema kweli na kumwokoa kabla gari halijafika. Amin.